Nimekatazwa kunyanyua hata jagi la maji

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, fundi cherehani mwenye miaka 51:

"Miezi 14 iliyopita niliondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Nikamaliza dripu za dawa ya saratani, nikamaliza mionzi, sasa nameza letrozoli kila siku. Kliniki wanasema naendelea vizuri. Lakini kifua kinanibana kama nimefungwa kamba, ndani ya mkono karibu na kwapa panawaka moto huku pana ganzi, na asubuhi vidole na magoti vimekakamaa. Kuswali naswali nimekaa kwenye kiti kwa sababu siwezi kuegemea mkono. Mama mkwe na majirani wananikataza kunyanyua hata jagi la maji, wanasema mkono utavimba. Shoga yangu wa kliniki anasema mazoezi ndiyo yaliyompunguzia maumivu. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, pole sana. Msikilize shoga yako. Ila usimlaumu mama mkwe, maana maneno hayo hakuyatunga yeye. Kwa miaka mingi sisi watu wa hospitali ndio tuliowaambia wanawake waliotolewa tezi za kwapani wasibebe kizito, wasifue, wasilime. Hoja ilikuwa na sura ya ukweli: tezi zikitolewa, njia za kurudisha maji ya limfu kutoka mkononi zinapungua, kwa hiyo mkono ukifanya kazi sana maji yatajaa na utavimba. Tukaisema hivyo kana kwamba imethibitishwa, na haikuwa imepimwa.

Mwaka 1996, huko Vancouver nchini Kanada, daktari wa wanamichezo Don McKenzie aliwakusanya wanawake 24 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti. Akawafanyisha mazoezi hatua kwa hatua, kisha akawaingiza kwenye mtumbwi mrefu wa mashindano, ule wenye asili ya China na kichwa cha joka. Wewe ni mtu wa pwani, unajua kupiga kafi ni kazi ya nini: bega, kifua, mgongo, mara mia na mia tena. Ndiyo kazi ileile iliyokatazwa. Msimu ukaisha bila hata mmoja wao kuvimba mkono. Wanawake 24 ni wachache, lakini waliwalazimisha wataalamu kuuliza upya. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba kwa maji ya limfu. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, wakianza na uzito mdogo sana chini ya msimamizi, mkono umevalishwa soksi yake ya kubana. Uvimbe wao haukuongezeka kuliko wa wale wasionyanyua. Na waliopatwa na hali ya uvimbe kuchachamaa walikuwa asilimia 14 kwa wanyanyuaji, asilimia 29 kwa wale wengine. Yaani wasionyanyua ndio walioumia zaidi.

Kwa hiyo jagi la maji ni halali yako. Suala ni namna ya kulifikia bila kujiumiza, na kwa hilo inabidi kwanza tuyatenganishe maumivu yako, kwa sababu katika barua yako nayaona matatu na kila moja lina chanzo chake.

La kwanza ni lile la kuwaka moto ndani ya mkono. Kuna neva inayotoka kati ya mbavu, ikakatiza kwapani na kwenda kwenye ngozi ya ndani ya mkono wa juu. Daktari anapotoa tezi za kwapani, neva hiyo iko njiani. Huvutwa, huchubuka, wakati mwingine hukatwa kabisa. Neva iliyojeruhiwa hutuma taarifa za ovyo, ndiyo maana unapata kitu ambacho watu wanaona hakiwezekani: pana ganzi na papo hapo panaunguza. Huna wazimu, wala si mpweke. Nchini Denmaki waliwauliza zaidi ya wanawake 3,200, miaka miwili hadi mitatu baada ya upasuaji wa titi, na asilimia 47 walisema bado wana maumivu. Wengi yalikuwa mepesi au ya kadiri, ila yalikuwapo. Nalisema hili kwa sababu ninakutana na wanawake walionyamaza kwa mwaka mzima wakidhani kulalamika ni kukosa shukrani kwa kuwa wamepona.

La pili ni kubanwa. Hapo tunazungumzia misuli ya kifua, kovu, na ngozi iliyopita mionzi. Mionzi huendelea kukaza nyama kwa miezi mingi baada ya kuisha, na misuli ya kifua ikikaa bila kunyooshwa hujikunja. Ongeza na mazoea ya kujilinda: bega umelivuta mbele, mkono umeubana ubavuni, na kazi yako yenyewe ni ya kuinamia cherehani kutwa. Hebu simama mbele ya kioo, inua mkono juu taratibu, uangalie kwapani. Ukiona au ukigusa kitu kama uzi uliotanda chini ya ngozi kuelekea kiwikoni, usishtuke. Nyuzi hizo huwatokea wanawake wengi katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji, wengine baadaye, na hulegea kwa kunyooshwa polepole. Usikubali mtu azikande kwa nguvu ili azikate.

La tatu, vidole na magoti ya asubuhi, halitokani na upasuaji. Ni letrozoli. Dawa hiyo inashusha homoni ya estrojeni ili saratani ikose chakula, na viungo vinaihisi njaa hiyo. Hapa mazoezi yana ushahidi mzuri sana. Marekani waliwachukua wanawake 121 waliokuwa wakitumia dawa za kundi hili na kuumwa viungo. Waliofanya mazoezi kwa mwaka, kutembea au kitu kama hicho dakika 150 kwa wiki pamoja na kunyanyua uzito mara mbili, maumivu yao makali zaidi yalipungua kwa karibu asilimia 30; ya wale wasiofanya hayakupungua. Na kwa kuwa letrozoli inalegeza pia mifupa, kutembea na kubeba uzito kunakusaidia mara mbili. Tafadhali sana usiikatishe mwenyewe kwa ajili ya viungo. Ikikushinda, mwambie daktari. Ndani ya kundi hilo zipo nyingine anazoweza kukubadilishia.

Sasa jambo gumu kulikubali. Katika miezi ya kwanza, maumivu yalikuwa yanasema kweli: kuna jeraha, tulia. Kidonda kikapona, lakini mfumo wa neva haukupata habari. Ni kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvunjwa: mwizi amekwisha kufungwa, yeye bado anabweka upepo ukitikisa mlango. Mbwa huyo hanyamazishwi kwa kuacha kufungua mlango. Unaufungua kidogo leo, kesho kidogo zaidi, mpaka auzoee. Mwendo hauungi neva iliyokatika, nisikudanganye. Unachofanya ni kuufundisha mwili kwamba bega kuinuka si hatari, kulegeza kovu lililonata, kuipa misuli kazi ya kusukuma maji ya limfu, na kukupa usingizi. Wengi hupungukiwa na maumivu; wachache huishiwa nayo kabisa. Ukipanga moyo kwa hilo hutakata tamaa wiki ya tatu.

Kabla hujaanza, jikague. Maumivu mapya ya mfupa yanayokuamsha usiku, mgongo unaouma huku miguu inaishiwa nguvu au mkojo haushikiki, mkono uliogeuka mwekundu na wa moto ukiwa na homa: hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Uvimbe mpya kwenye kovu, kukonda bila sababu au pumzi kukatika hayasubiri tarehe ya kliniki. Kama katika dripu zako ilikuwamo ile dawa nyekundu ya saratani, doksorubisini, na ukitembea kidogo unahema au miguu imevimba, moyo uangaliwe kwanza. Kama huna lolote katika hayo, anza kesho.

Anza na bega kwa wiki mbili. Simama ukitazama ukuta, weka vidole vya mkono wa kulia ukutani, uvitembeze kwenda juu kama buibui anapanda, mpaka pale unapohisi kuvutwa. Kaa hapo pumzi tatu, shuka. Mara kumi. Tia alama ya chaki pale kidole cha kati kilipofika. Kisha lala chali, shika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, uupeleke juu ya kichwa ukielekea kitandani, mkono mzima ukiusaidia mgonjwa. Mara kumi tena. La tatu, chukua kanga, ipitishe nyuma ya mgongo kama unayejisugua kwa dodoki, mkono mmoja juu ya bega, mwingine kiunoni, uvute taratibu juu na chini, kisha ubadilishe mikono. Fanya asubuhi baada ya kuoga, mwili ukiwa na joto, na jioni. Haizidi robo saa.

Pamoja na hayo, tembea. Nguo za kupeleka kwa wateja unazo. Hiyo ni safari yako. Dakika kumi kwa siku zinatosha kwanza, mwendo wa kumfanya mtu aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Kila wiki ongeza dakika tano, mpaka ufike nusu saa siku tano za wiki. Tikisa mikono unapotembea. Wanawake wengi baada ya upasuaji hutembea mkono mmoja umegandishwa tumboni kama wamebeba mtoto, na bega linakaza bila wao kujua.

Wiki ya tatu ingiza uzito. Chupa ya maji ya nusu lita ikijaa ni nusu kilo, na hakuna duka la vyuma linalokushinda hapo. Ukiwa umekaa, kunja kiwiko mara kumi, pumzika, rudia. Kisha inua mkono pembeni, usipite usawa wa bega. Kisha inama kidogo umeegemea meza kwa mkono mzima, uvute chupa kuelekea kiunoni kama unayevuta kamba ya jahazi. Siku mbili kwa wiki, zikiachana kwa siku mbili tatu. Mikono yote miwili. Vipindi viwili vikipita salama, ongeza kidogo: chupa ya lita moja, halafu kilo moja na nusu. Jagi la mama mkwe utalifikia mapema kuliko unavyodhani.

Lile la kuswali limenigusa, maana ni lengo zuri kuliko yote ninayoweza kukupangia. Kuinua mikono kwa takbira tayari ni zoezi la bega. Lifanye kwa utimilifu hata ukiwa kwenye kiti. Kuegemea mikono unakujenga hivi: simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani, kunja viwiko uusogelee, jisukume urudi. Ukiweza mara kumi na tano bila taabu, hamia kwenye meza imara. Baadaye kitanda. Baadaye mkeka, kwa magoti na mikono, ukihamisha uzito kidogokidogo kuelekea upande wa kulia. Kila ngazi ipe wiki mbili au tatu, na magoti yako nayo yasikilize. Huenda ikachukua miezi minne. Ipo.

Kipimo cha maumivu kiwe hiki. Jipe namba toka sifuri hadi kumi. Wakati wa zoezi, ikipanda hadi tatu au nne, endelea. Ni kuvutwa, si kuharibika. Ikifika tano, punguza. Kesho asubuhi jiulize: nimerudi nilipokuwa jana? Kama ndiyo, kiasi kilikuwa sawa. Kama mwili bado unalalamika, zoezi linalofuata lifanye nusu. Nusu, si kuacha.

Nikukanye na siku nzuri, kwa sababu hizo ndizo zinazowaangusha watu kuliko siku mbaya. Unaamka mwepesi, maumivu yamelala, unajisemea leo nalipa deni. Unafua mashuka ya nyumba nzima, unakuna nazi mbili, unamalizia sare za shule za mteja hadi usiku. Kesho huamki. Siku tatu kitandani, na nyumba nzima inakwambia: si tulikukataza? Hapo mazoezi yanapewa lawama isiyo yake. Siku nzuri fanya kile ulichopanga na usizidishe. Siku mbaya fanya nusu yake. Ukiniuliza ni nini kinachowatofautisha wanaopata nafuu na wasiopata katika wale ninaowahudumia, nitakujibu ni hicho kabla ya zoezi lolote.

Kwenye kazi yako, nyanyuka kila nusu saa, rudisha mabega nyuma mara kumi, ndipo uketi tena. Pandisha kiti au meza usijikunje. Pasi ya mkaa iache kwanza kwa kijana wa dukani. Ni nzito, inafanya kazi mbele ya mwili mkono ukiwa umenyooka, na inaunguza. Mkono uliotolewa tezi hupambana kwa shida na vijidudu, kwa hiyo kila mchubuko una uzito kuliko zamani. Vaa kastabini kidoleni unapopinda nguo kwa mkono. Ukijichoma sindano, osha kwa sabuni, paka dawa ya kidonda, uangalie kwa siku mbili.

Na hili la kukandwa kwa maji ya moto. Najua litapendekezwa nyumbani, pengine limeanza. Pale penye ganzi ngozi haisikii joto, na nimeona wanawake waliobabuka kifuani bila kuhisi kitu, juu ya ngozi iliyopita mionzi ambayo haiponi haraka. Mwambie anayekukanda aache upande huo. Vidole na magoti kwa maji ya vuguvugu, sawa. Kovu lenyewe unaweza kulisugua kwa ncha za vidole na mafuta ya nazi, mviringo mdogomdogo, dakika tano kwa siku. Pale panapowaka, papitishie kitambaa laini kama hariri, baadaye pamba, baadaye taulo. Ngozi inajifunza upya kuguswa.

Kama baada ya wiki sita kule kuwaka kunaendelea kukunyima usingizi, omba daktari akuangalie kwa ajili ya dawa za neva: amitriptilini, gabapentini au duloksetini. Si dawa za kununua duka la mtaani kwa kujikisia, na mojawapo ikiandikwa, mazoezi hayaachwi. Dawa inapunguza kelele, wewe unaendelea kufungua mlango.

Kuhusu kuvimba, una faida ambayo wagonjwa wangu wengi hawana: futi ya kupimia iko shingoni mwako kila siku. Pima mikono yote miwili kwenye kifundo cha mkono, sentimita kumi chini ya kiwiko na sentimita kumi juu yake. Andika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wako mwenyewe, na urudie kila mwezi. Mkono wa kulia wa fundi huwa mnene kidogo kwa asili, kwa hiyo linganisha na namba zako za mwanzo. Tofauti mpya ya sentimita mbili, au mkono kuwa mzito na bangili kubana, ni safari ya kliniki. Kama tayari umevimba, mazoezi bado ni yako, ila uvae soksi ya mkono ya kubana iliyopimwa na mtaalamu, na uanze ukiwa na msimamizi.

Ukienda kliniki safari ijayo, omba waziwazi barua ya kwenda fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Ilikupasa kuipata wiki ya pili baada ya upasuaji. Uingereza walijaribu hivyo kwa wanawake 392 waliokuwa na hatari kubwa ya kupata tatizo la bega, wenye mpango wa mazoezi wakianza siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji, na mwaka ulipoisha, kama ilivyochapishwa 2021, mikono yao ilikuwa inafanya kazi vizuri zaidi na maumivu yalikuwa machache. Inanisikitisha kila mara ninapopokea mtu mwaka mmoja baadaye akiwa hajawahi kuonyeshwa hata zoezi moja. Lakini miezi 14 si kuchelewa. Waliokuwa kwenye ule mtumbwi wa Vancouver hawakuingia humo wakitokea chumba cha upasuaji.

Mama mkwe naye mpe kazi. Anakuzuia kwa sababu anaogopa kukupoteza, na anayeogopa hatulizwi kwa mabishano. Ile chaki ya ukutani mwachie yeye. Kila Ijumaa wewe upandishe vidole, yeye atie alama na tarehe.